Kabla ya kutuma fedha za dawa, uliza kwanza mti unaumwa nini

Na Mwandishi Wetu, London

Simu ya nyumbani siku ya Jumapili sote tunaoishi nje tunaijua ilivyo. Kwanza salamu, kisha habari za wagonjwa, kisha nani kaoa na nani kafiwa, na mwisho kabisa, kadi ya simu ikiwa imebakisha dakika mbili, ndipo linapotoka jambo lenyewe. Siku moja, miaka kadhaa nyuma, jambo lenyewe lilikuwa michungwa.

"Kaka, michungwa ya mzee inakufa," alisema mdogo wetu kutoka Unguja. "Mitatu imeshakauka. Tuletee chochote tununue dawa."

Michungwa hiyo, kumi na miwili kwa jumla, ilipandwa na marehemu baba yetu nyuma ya nyumba, na ndiyo iliyotulipia ada za skuli. Kwa mtu aliyeondoka kwao kwa sababu ya kalamu yake, akashindwa kurudi hata kumzika mzazi wake, miti kama hiyo si miti tu. Hatukuuliza swali lolote. Kesho yake tulipanga foleni dukani na kutuma fedha.

Ilinunuliwa dawa ya wadudu, chupa kubwa, ya bei. Ikapigwa mara mbili. Mchungwa wa nne ukakauka. Tukatuma tena, ikanunuliwa dawa nyengine yenye nguvu zaidi, na mchungwa wa tano nao ukaenda. Ndipo mdogo wetu alipomwita bwana shamba mmoja mstaafu. Mzee huyo hakutazama majani kabisa. Alichutama, akafukua udongo kwenye shina la mti wa sita, akaonyesha kwa kidole: gome limeoza, linanuka, na utomvu wa rangi ya asali unachirizika. Akauliza, "Udongo huu nani kaumwaga hapa?"

Jibu lilitutia aibu. Ulikuwa ni kifusi cha msingi wa chumba kipya, chumba tulichokuwa tukikijenga sisi kwa fedha tulizotuma. Mafundi hawakuwa na pa kukimwaga, wakakilundika kwenye mashina ya michungwa, na maji ya bafu jipya yakaelekezwa huko huko.

Ugonjwa ule husababishwa na vijidudu vya jamii ya Phytophthora, vinavyofanana na ukungu na vinavyoishi katika udongo uliolowa. Shina la mchungwa likifunikwa udongo na maji, vijidudu hivyo huingia kwenye gome na kulizunguka, na chakula kinachotengenezwa na majani hakishuki tena kwenye mizizi. Dawa ya wadudu haivigusi. Tiba ya bwana shamba ilikuwa kuondoa kifusi mpaka mizizi ya kwanza ionekane, kuyageuza maji ya bafu, kukwangua gome lililooza mpaka kufikia lililo hai, na kupaka mrututu na chokaa. Miti saba ikapona. Gharama yake haikufika hata robo ya chupa ile ya kwanza.

Ndugu wasomaji, makala hii tunaiandika kwa sababu kosa letu si letu peke yetu. Kila mwaka watu wa Muscat, Toronto, Dubai na Birmingham hutuma fedha za kununulia dawa ya mti ambao hakuna aliyeuchunguza.

Mti hueleza ugonjwa wake

Mti huharibika kwa sababu chache kubwa: ukungu, bakteria, virusi na vijidudu vya jamii hiyo, wadudu, njaa ya ardhi, au jeraha. Kila sababu ina tiba yake, na nyengine hazina tiba kabisa. Dawa ya wadudu haiponyi ukungu, dawa ya ukungu haiui wadudu, na njaa haiponywi na chupa yoyote kati ya hizo. Hivyo basi kazi ya kwanza ni kutazama.

Majani ya zamani ya chini yakigeuka manjano yote kwa pamoja, huku yale machanga yakibaki kijani, mara nyingi mti una njaa ya naitrojeni, na dawa yake ni samadi iliyooza vizuri. Majani machanga yakiwa manjano lakini mishipa yake ikabaki kijani, mti umekosa madini kama chuma au zinki. Hali hii huonekana sana katika ardhi ya mawe ya matumbawe ya mwambao, kwa sababu chokaa iliyomo ardhini huyafunga madini hayo mizizi isiyapate. Mboji nyingi husaidia.

Majani yakifunikwa na weusi kama masizi ya sufuria, watu wengi hukimbilia dawa ya ukungu. Weusi ule kweli ni ukungu, lakini haukuja kula jani. Umekuja kula maji matamu yanayodondoshwa na wadudu wafyonzaji walio juu yake. Geuza jani uwatafute: wadogo, weupe, wamejipanga kwenye mishipa, na sisimizi wanapanda na kushuka. Sisimizi hao ni wafugaji. Wanakunywa maji matamu na kwa malipo wanawafukuza maadui wa wadudu wale. Ukizungushia shina kitambaa kilichopakwa grisi ili sisimizi wasipande, ukakata matawi yanayogusa ukuta, na ukayaosha majani kwa maji ya sabuni laini, wadudu hupungua na masizi hukosa chakula.

Lakini si kila chungu ni adui. Wale wekundu wakali wanaoshona majani kufanya viota, ambao watu wa mwambao tunawaita maji moto, ni walinzi wa minazi na mikorosho. Wanamwinda mdudu anayefyonza vidaka vya nazi na kuviangusha kabla ya wakati. Mdudu huyo anaitwa kitaalamu Pseudotheraptus wayi, kwa heshima ya mtaalamu M. J. Way aliyefanya utafiti juu ya wadudu hao Zanzibar katika miaka ya 1950. Anayepiga dawa kuwaua maji moto kwa sababu wanamuuma mkwezi, asishangae vidaka vikijaa chini.

Mwembe na nzi wa matunda

Kwa mwembe, matatizo matatu ndiyo yanayorudi kila msimu. La kwanza ni ubwiri unga: maua hufunikwa na unga mweupe kisha hupukutika. Ukungu huu hudhibitiwa kwa salfa, ile ile waliyoizoea wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi, na hupigwa mapema, si baada ya maua kwisha. La pili ni chule: madoa meusi juu ya majani, maua yanayoungua, na tunda linalooza kwa mabaka meusi likianza kuiva. Chule hupenda mvua na kivuli, hivyo kupunguza matawi ya katikati ili upepo na jua vipite ni nusu ya tiba.

La tatu ndilo kubwa: nzi wa matunda. Mwaka 2003 aligunduliwa Kenya nzi mgeni kutoka Asia, ambaye mwaka 2005 alipewa jina la Bactrocera invadens, na mwaka 2015 wataalamu wakakubaliana kuwa ni yule yule Bactrocera dorsalis wa siku nyingi. Katika miaka michache akawa ameenea sehemu kubwa ya Afrika. Nzi jike hutoboa ganda na kutaga ndani ya embe. Funza wakishakuwa ndani, dawa inayopigwa juu ya ganda haiwafikii.

Hasara yake si ya mti mmoja tu. Mwaka 2014 Kenya ililazimika kusitisha yenyewe kupeleka maembe yake Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi huyo, na ni mwaka 2021 tu ndipo biashara ilipoanza tena, kwa maembe ya maeneo yaliyodhibitiwa, Makueni ikiwa miongoni mwao.

Tiba ya nyuma ya nyumba ni ufagio. Funza akishiba hutoka katika embe lililoanguka, huingia ardhini, na hutoka huko akiwa nzi mpya. Embe linaloachwa kuoza chini ya mti ni kiwanda cha nzi wa msimu ujao. Okota yote kila siku au kila baada ya siku mbili, yafukie kwenye shimo la nusu mita au zaidi, au yafunge ndani ya mfuko mweusi wa plastiki uuache juani siku kadhaa. Matunda machache ya thamani yafunikwe kwa mifuko ya karatasi yakiwa bado mabichi. Mitego yenye kivutio cha methyl eugenol husaidia, lakini ijulikane kuwa inavuta madume tu. Aidha, jirani asipookota na wewe unaokota, nzi watatoka kwake. Jambo hili ni la mtaa mzima.

Pale ambapo dawa haipo

Sasa tuje kwenye maradhi ambayo fedha haziyaponyi. Wenzetu wa Kagera, Kivu, Uganda, Rwanda na Burundi wanaujua mnyauko wa bakteria wa migomba. Ulielezwa na wanasayansi huko Ethiopia mwaka 1968, na mwaka 2001 ukaonekana Uganda. Katika miaka iliyofuata ukazagaa nchi zote za Maziwa Makuu. Kwa watu ambao chakula chao na bia yao ni ndizi, ulikuwa msiba.

Dalili zake ni majani kunyauka na kuwa manjano, ndizi kuiva kabla ya wakati na bila mpangilio, na ukiikata ndani kuna rangi ya kutu. Ukikata shina, hutoka ute wa manjano. Ute huo ndio bakteria wenyewe. Hakuna dawa ya kupiga wala ya kumwagilia. Kuna mambo matatu tu. Moja, vunja ua dume kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, mara tu kichana cha mwisho kinapotokeza, kwa sababu wadudu hubeba ugonjwa kupitia ua hilo. Mbili, panga lililokata mgomba mgonjwa lisiguse mwengine kabla ya kupitishwa motoni mpaka liwe la kuunguza mkono. Tatu, kata shina lililougua peke yake, usawa wa ardhi, tena mapema, na rudia kila unapoona jengine. Zamani wakulima waliamriwa kung'oa shina zima na machipukizi yake, kazi iliyowashinda wengi hasa wajane na wazee. Utafiti ulionyesha kuwa kukata shina gonjwa tu, kwa uvumilivu, hupunguza ugonjwa sana.

Minazi ya Tanzania Bara nayo ina ugonjwa wa kunyong'onyea: nazi hupukutika, maua huwa meusi, majani huanguka, na hubaki gogo limesimama kama nguzo ya simu. Na michungwa ina ugonjwa unaoyapiga majani mabaka ya manjano yasiyofanana kushoto na kulia, tunda likawa dogo, limepinda na chungu. Huenezwa na wadudu wadogo wafyonzao majani machanga, na ripoti ya kisayansi ya mwaka 2016 ilithibitisha kuwa mmoja wao kutoka Asia amefika Tanzania. Kwa maradhi haya mawili mwenye mti hana la kutibu. La kufanya ni kuukata mti mapema usiwaambukize wenzake, na kupanda mche safi kutoka kitalu kinachoaminika. Atakayekuuzia chupa ya kuyaponya, anakuuzia chupa.

Mrututu na chokaa

Kwa maradhi ya ukungu, dawa moja ya zamani bado inafanya kazi na vitu vyake hupatikana. Wakulima wa zabibu karibu na mji wa Bordeaux, Ufaransa, walikuwa wakiipaka mizabibu ya kando ya barabara mchanganyiko wa mrututu na chokaa ili wapita njia wasiibe. Profesa Millardet akaona kuwa mizabibu iliyopakwa haikupata ukungu, na mwaka 1885 akatangaza matokeo yake.

Ya kupulizia majani: gramu 10 za mrututu na gramu 10 za chokaa ya unga kwa lita 1 ya maji. Yeyusha mrututu peke yake katika ndoo ya plastiki, si ya bati, na chokaa peke yake katika ndoo nyengine, kisha umimine mrututu ndani ya chokaa huku ukikoroga. Chovya msumari safi. Ukitoka na rangi ya shaba, chokaa haitoshi, ongeza. Tumia siku hiyo hiyo. Ya kupaka kwenye shina lililokwanguliwa iwe nzito: gramu 100 na gramu 100 kwa lita 1. Dawa hii huzuia, haifufui jani lililokwisha kuoza, na isipulizwe maua yakiwa yamechanua.

Ama kuhusu dawa za dukani, soma karatasi ya chupa mpaka mwisho, na hasa siku za kusubiri kati ya kupiga na kuvuna. Funika pua, mdomo na mikono, usipige dhidi ya upepo, na usipige dawa ya wadudu mti ukiwa na maua, utaua nyuki wanaokuletea tunda. Chupa tupu itobolewe. Chupa ya sumu kurudi jikoni ikiwa na mafuta ya kula ni ajali inayojirudia kila mahali.

Sanduku la msafiri

Kuna jambo jengine linalotuhusu sisi tunaosafiri moja kwa moja. Watu wengi wenye asili ya Zanzibar wanaoishi Oman hurudi likizo na miche kwenye sanduku: tawi la mndimu wa huku, kikonyo cha ua la kule. Nia ni njema. Lakini katika miaka ya 1970 mindimu ya Oman iliingiwa na ugonjwa wa kutoa vitawi vingi vyembamba vilivyosongamana kama ufagio, vyenye majani madogo yaliyopauka, na mti hufa katika miaka michache. Chanzo chake ni kijidudu cha jamii moja na kile cha kunyong'onyea kwa minazi. Dawa yake haikupatikana. Mashamba ya ndimu ya Batinah yaliteketea, na ugonjwa ukavuka kwenda Emirati na Iran.

Tawi lenye ugonjwa huo linaweza kuonekana zima kabisa siku linapofungwa kwenye kanga. Kwa hiyo kama ni lazima kupeleka mche, upelekwe na cheti cha afya ya mimea. Kenya kinatolewa na KEPHIS, na Tanzania Bara na TPHPA. Kwa upande wa Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 14 Desemba 2019 msafiri anatakiwa awe na cheti hicho kwa karibu kila mmea na tunda bichi, isipokuwa mananasi, nazi, ndizi, tende na durian. Yule anayekuchukulia embe lako uwanja wa ndege hakuonei. Huenda ndani ya embe lile mna funza.

Ufagio wa mzungu

Hapa London tulipangisha nyumba yenye mtofaa mzee uani. Tofaa zake zilioza zikiwa bado mtini, na zikakauka hapo hapo kama zabibu kubwa. Jirani yetu, mzee wa Kiingereza, alitufundisha: ziangushe zote kabla ya baridi, maana ukungu hulala ndani yake mpaka mwaka ujao. Fagia majani yaliyoanguka, yana ugonjwa wa madoa. Tawi lenye kidonda likate mpaka ufikie ubao safi. Na miti ya plamu na cheri isikatwe matawi wakati wa baridi bali wakati wa joto, ukungu wa jani la fedha usije ukaingia kwenye vidonda. Hakutaja dawa hata moja. Tulipomsikiliza tulimkumbuka bwana shamba wa Unguja. Wawili hao hawajaonana maisha yao, na maneno yao ni yale yale: safisha chini, kata kilichokufa, tazama shina.

Picha nne kabla ya fedha

Siku hizi kadi za simu zimepitwa na wakati na karibu kila nyumba ina simu ya kamera. Basi ukiambiwa mti unaumwa, omba picha nne: mti mzima kwa mbali, jani juu na chini, shina pale linapokutana na ardhi, na tunda lililopasuliwa. Mwonyeshe anayejua. Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania zipo kliniki za mimea, na kila wilaya ina afisa ugani. Kama utatuma fedha, tuma kwanza nauli ya bwana shamba aende akauone mti. Dawa itafuata, kama ipo na kama inahitajika.

Michungwa saba ya mzee bado inazaa. Pale ilipokufa mitano, mdogo wetu amepanda mitatu mipya, iliyobebeshwa kwenye mdanzi, kwa kuwa mdanzi unavumilia zaidi ugonjwa ule wa shina. Mwaka jana alitaka kuongeza jiko la nje, akaomba mchango. Tulituma. Ila safari hii, kabla hatujauliza bei ya saruji, tuliuliza kifusi kitamwagwa wapi.